Marudio ya Hesabu za Jioni: Je, Yamfaa Mtoto?

Hapa Minago, na katika vijiji jirani vya mwambao wetu wa Ziwa Tanganyika, imeenea desturi ya kuwapeleka watoto kwenye mafunzo ya hesabu ya jioni. Shule ikisha kufungwa, mtoto hula chakula alichowekewa, huchukua daftari lake la pili, akaenda kukaa tena juu ya benchi. Huko hupewa hesabu za namna moja, ishirini au thelathini, akazifanya. Kesho hupewa nyingine za namna ile ile. Na kesho kutwa hali kadhalika. Wazazi hulipa kwa mwezi. Wengine huuza mawese, wengine huuza ndagala, wengine ni mabaharia wa usiku wavuao kwa taa. Fedha zao ni za jasho, na haziji kila siku, kwa maana mbalamwezi ikijaa uvuvi hupungua na mifuko nayo hupungua.

Swali tunalotaka kulizungumza na ndugu wasomaji ni hili: je, marudio hayo yamfaa mtoto? Au twamlipia mtu amchoshe mtoto wetu, kisha tukajipongeza kwa kuwa tumetimiza wajibu?

Huenda wenzetu wakauliza mwalimu wa lugha anatafuta nini katika uwanja wa hisabati. Jibu letu ni fupi. Kwanza, mtoto ni yule yule mmoja. Akitoka kwa mwalimu wa hesabu huja kwetu, na akiwa amechoka huko, huku husinzia. Pili, jambo la marudio si la hesabu peke yake. Sisi walimu wa Kiswahili tumeishi nalo miaka mingi, tumelitumia, tumeona faida yake na mipaka yake. Na tatu, hesabu husomwa kwa lugha. Hakuna tarakimu imwingiayo mtoto kichwani isipopitia neno.

Yafaa tuanze kwa kumtendea haki anayeyatetea marudio, kwa sababu hoja yake si dhaifu. Mfano mashuhuri zaidi duniani unatoka Japani. Mwaka 1954 mwalimu mmoja wa hisabati wa shule ya sekondari, Toru Kumon, aliona mtoto wake Takeshi, aliyekuwa mwaka wa pili wa shule ya msingi, hakufanya vizuri katika jaribio la hesabu. Baba hakumtafutia mwana mwalimu wa kumkemea. Alianza kumwandikia kwa mkono wake karatasi za mazoezi, chache kila siku, zikianzia pale mtoto alipoweza na kupanda ngazi kidogo kidogo. Nusu saa ilitosha. Mwaka uliofuata watoto wa majirani walianza kufundishwa kwa karatasi hizo katika eneo la Osaka, na mwaka 1958 ikaundwa kampuni. Leo jina la Kumon lajulikana katika nchi zaidi ya 50, na mamilioni ya watoto wamepita katika vituo vyake.

Msomaji na azingatie mambo matatu katika habari hiyo. Karatasi ziliandikwa kwa ajili ya mtoto mmoja, zikilingana na kiwango chake. Kazi ya kila siku ilikuwa ndogo. Na aliyezisahihisha alikuwa mtu aliyemjua mtoto, akaona kosa lilipozaliwa. Marudio yalikuwamo, tena mengi, lakini yalikuwa marudio yenye macho.

Kuna na ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya juu ya kumbukumbu yake mwenyewe. Alijifunza kwa moyo orodha ndefu za silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya saa, siku na majuma. Aliona kwamba mtu husahau upesi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana, leo kidogo na kesho kidogo, hushika kuliko kurudia kwingi kwa mkupuo mmoja. Wahenga wetu hawakuwa na maabara, lakini walisema haba na haba hujaza kibaba. Hawakusema kibaba hujazwa kwa kumwagiwa gunia.

Faida ya kukariri jedwali la kuzidisha yaonekana wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa karibu na mtoto asiyelijua. Mpe hesabu ya kugawanya namba kubwa: kila hatua husimama, huhesabu vidole, na afikapo hatua ya nne amekwisha sahau alikuwa akitafuta nini. Ni sawasawa na msomaji mchanga ambaye bado anaunganisha herufi: afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo wake umekwisha potea, na maana imepotea pamoja nao. Mtu asomaye kwa wepesi ndiye apataye nafasi ya kufikiri juu ya asomacho. Basi wepesi wa hesabu ndogo ndogo si anasa, ni mlango. Wale wasemao kwamba kukariri ni ujinga wa zamani wanamnyima mtoto ufunguo, kisha wanamlaumu kwa kusimama nje.

Hata hivyo, mlango si nyumba. Hapa ndipo sisi wa lugha tuna ushuhuda wa kutoa. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilienea ulimwenguni mbinu ya kufundisha lugha kwa mazoezi ya ruwaza. Mwalimu husema sentensi, darasa huirudia. Mwalimu hubadili neno moja, darasa hubadili. Mtu mzuri, watu wazuri. Mti mzuri, miti mizuri. Kitabu kizuri, vitabu vizuri. Ni mbinu yenye sauti tamu, na mkaguzi apitapo dirishani hufurahi. Lakini baadaye walimu wa nchi nyingi walitambua jambo moja: mwanafunzi aweza kuimba ruwaza mia bila kosa, kisha ukamkuta sokoni na kumwuliza ametoka wapi, akabaki akitabasamu. Mazoezi yalimpa viungo, hayakumpa mchuzi. Wala hatukuyatupa mazoezi kwa sababu hiyo. Hata sasa tunayatumia. Tulijifunza tu kwamba yanafaa yakifuatwa na mazungumzo ya kweli, na kwamba yasipofuatwa na kitu huwa kelele.

Hesabu nazo zina soko lake. Dada yetu huuza ndagala zilizokaushwa, na ana binti wa miaka kumi na mmoja ambaye alikuwa amehudhuria mafunzo ya jioni kwa karibu mwaka mzima. Mtoto huyo ni hodari wa jedwali. Ukimwuliza saba mara nane, jibu hutoka kabla hujafunga mdomo. Siku moja mamaye alimwachia meza. Mteja alitaka mafungu matatu, kila fungu faranga 1,500, akatoa noti ya 5,000. Binti alisimama, akatutazama sisi tuliokuwa tumekaa kando, akauliza kwa unyonge: "Mjomba, hapa nizidishe au nijumlishe?" Tulimwambia afanye atakavyo. Alizidisha, akapata 4,500, kisha akauliza tena kama sasa atoe au agawanye. Kando yake alikuwapo mtoto wa kiume wa jirani, ambaye hakai benchi la jioni na ambaye jedwali limempiga chenga tangu mwaka wa tatu. Huyu alisogeza mafungu kwa kidole, "elfu na mia tano, elfu tatu, elfu nne na mia tano," akachukua noti ya mia tano, akampa mteja.

Jioni ile dada alituuliza: "Kaka, wewe ndiwe mwalimu. Niendelee kulipa au niache?"

Hatukumjibu papo hapo, kwa sababu jibu la haraka lingekuwa la uongo. Ingekuwa rahisi kusema kwamba mtoto wa jirani ndiye ajuaye hesabu na mpwa wetu ni kasuku. Lakini jambo hilo limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazili, Terezinha Nunes, David Carraher na Analúcia Schliemann, walitoa habari za watoto watano waliouza bidhaa mitaani katika mji wa Recife. Walipoulizwa hesabu mbele ya meza zao za biashara, walijibu sawa karibu zote. Walipopewa hesabu zile zile katika karatasi, kama zinavyoandikwa shuleni, walipata kiasi cha theluthi moja tu. Kwa hiyo mtoto wa soko ana akili kamili, ila akili yake haijavushwa kwenda kwenye maandishi. Mkabidhi mtoto wa jirani mafungu 48 badala ya matatu, uone: njia yake ya kujumlisha moja moja itamfikisha usiku. Na mpwa wetu ana silaha kali mkononi, ila hakuna aliyemwonyesha mnyama. Kila mmoja ana nusu ya elimu, na nusu ya mmoja ni kamili pale ilipo pungufu ya mwenziwe.

Hapo tukaona kwamba swali la dada lilikuwa limekosewa kidogo, kama aghalabu maswali ya wazazi wengi. Si kwamba marudio ni mema au mabaya, bali ni marudio ya nini, kwa kiwango gani, kwa lugha gani, na nini kinafuata baada yake.

Tuseme neno juu ya lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yetu. Mtoto wa Burundi huanza shule kwa Kirundi, kisha katika madarasa ya juu hufundishwa kwa Kifaransa. Kiswahili na Kiingereza navyo ni masomo. Katika Kirundi, sabini ni mirongo indwi, yaani makumi saba. Themanini ni mirongo umunani, makumi manane. Neno lenyewe laeleza hesabu. Kiswahili chetu kilikuwa na neno la ukoo ule ule, mwongo, ambalo bado twalitumia kwa kipindi cha miaka kumi, lakini katika kuhesabu tulichukua sitini, sabini, themanini na tisini kutoka Kiarabu. Mtoto hana budi kuyakariri kama majina. Kifaransa cha kwetu, tulichokirithi kwa Wabelgiji, kina "septante" na "nonante" ambayo huonyesha saba na tisa ndani yake, lakini themanini ni "quatre-vingts", yaani ishirini mara nne. Basi mtoto ambaye jana alikuwa na makumi manane mkononi, leo aambiwa ana ishirini nne. Akikosea, mwalimu husema hajui hesabu, na mzazi humpeleka jioni kurudia. Lakini atarudia nini? Kama tatizo ni neno, hata afanye karatasi mia za tarakimu, neno litabaki pale pale likimngoja.

Wala hatusemi haya kwa kukisia. Katika tathmini ya PASEC ya mwaka 2014, iliyopima watoto wa shule za msingi katika nchi kumi za Afrika zitumiazo Kifaransa, Burundi ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza katika hisabati. Nchi yetu si tajiri kuliko nyingine zile, na madarasa yetu yamejaa tangu karo ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2005. Yapo mengi yanayoweza kutajwa, lakini wengi waliosoma matokeo yale waliona kwamba jambo moja kubwa linalotutofautisha ni kuwa watoto wetu wote huanza masomo kwa lugha wanayoisikia nyumbani. Mtoto aliyeelewa mwanzoni hahitaji kuokolewa jioni. Hilo ni funzo kwetu sisi wenyewe, tusije tukatafuta katika fedha za wazazi dawa iliyomo katika ndimi zao.

Tuje sasa kwenye kiwango. Mwaka 2005, katika shule 121 za magharibi ya Kenya, uchunguzi ulifanywa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Shule zilipata mwalimu wa ziada ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika baadhi ya shule watoto waligawanywa bila kujali uwezo; katika nyingine waligawanywa kwa kadiri walivyokuwa wakijua. Ilionekana kwamba kugawanya kwa kadiri ya ujuzi kuliwafaa wote, walio mbele na walio nyuma, kwa sababu mwalimu aliweza kufundisha pale mtoto alipo. Hivi ndivyo alivyofanya baba wa Takeshi nyumbani kwake. Na hivi sivyo yafanywavyo mafunzo mengi ya jioni tuyaonayo mwambaoni. Watoto arobaini huketi chumba kimoja, wa mwaka wa nne na wa sita pamoja, wakapewa ubao mmoja wa kunakili. Ajuaye hurudia ajuacho akachoka. Asiyejua hurudia kosa lake mpaka likawa tabia. Tusisahau kwamba mazoea hayachagui: hujenga kosa kwa nguvu ile ile ijengayo jambo la sawa.

Liko jambo jingine ambalo ni zito kulisema katika ukurasa wa walimu, lakini tusiposema sisi atasema nani? Kuna mahali ambapo mwalimu yule yule wa asubuhi ndiye wa jioni, na kuna mahali ambapo somo la asubuhi limepungukiwa ili la jioni lipate soko. Tumewahi kumsikia mtoto akisema bila kinyongo, kama mtu asemaye habari za mvua, kwamba mwalimu wao huieleza kanuni kwa waliolipa. Hatumtaji mtu wala shule. Na tunajua mshahara wa mwalimu, kwa kuwa tunaupokea. Lakini mambo hayo yakiendelea, mtoto wa mvuvi asiyekuwa na faranga za mwezi hatakuwa na shule ya jioni wala ya asubuhi. Mtaalamu Mark Bray, katika kitabu chake kilichotolewa na UNESCO mwaka 1999, aliyaita mafunzo ya namna hii kivuli cha elimu, kwa sababu hufuata umbo la shule popote iendapo. Kivuli si kibaya. Ubaya huanza pale mti wenyewe unapokatwa ili kivuli kiuzwe. Kenya ilifika mahali pa kutunga sheria: Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza kuwafundisha wanafunzi wakati wa likizo. Sisi hatudhani kwamba sheria peke yake hutosha, maana ukifunga mlango wa mbele wazazi wenye hofu hupita wa nyuma. Lakini yaonyesha kwamba jambo hili si la Minago peke yake.

Na mtoto je? Katika shule zetu nyingi watoto hupokezana, kundi la asubuhi na kundi la mchana. Mzazi huona nusu ya siku iliyo tupu, akataka kuijaza. Lakini nusu hiyo si tupu. Ndani yake mtoto huteka maji, huanika ndagala, humbeba mdogo wake, huogelea, husikiliza wazee wakisimulia. Huko hujifunza kukadiria uzito kwa mkono na saa kwa kivuli. Tukiichukua nusu ile yote, yatupasa tumpe kitu kilicho bora kuliko tulichomnyang'anya. Nusu saa ya mazoezi yaliyopimwa ni bora. Saa mbili za kunakili ubao, sivyo.

Tulirudi kwa dada baada ya siku tatu, tukamwambia tuliyoyafikia. Tulimwambia asimwondoe mtoto kwa hasira, kwa maana jedwali alilolipata ni mali, na asingelipata upesi kwa njia nyingine. Ila na apunguze: siku mbili kwa juma badala ya tano, na fedha itakayobaki anunue daftari na mafuta ya taa. Siku zilizobaki, mtoto akae mezani sokoni, na kila jioni aandike katika daftari mauzo ya siku: mafungu mangapi, bei gani, fedha ngapi zimeingia, ngapi zimetoka. Aandike kwa maneno kwanza, kwa lugha aipendayo, ndipo aandike kwa tarakimu. Dada alicheka, akasema: "Kumbe nalikuwa nalipa watu wamfundishe hesabu, na hesabu zangu mwenyewe hazina wa kuziandika." Daftari hilo lipo, na sasa ni yeye aliyegundua kwamba mwezi uliopita alimkopesha mteja mmoja mara nne bila kulipwa. Mtoto hajawa bingwa. Lakini haulizi tena azidishe au ajumlishe. Huuliza mteja anataka mafungu mangapi.

Kwa muhtasari, maoni yetu ni haya. Marudio yanamfaa mtoto yakiwa machache, ya kila mara, ya kiwango chake, na yakisahihishwa na mtu anayeona kosa lilipoanzia. Yanamdhuru yakiwa mengi, ya mkupuo, ya ubao mmoja kwa wote. Hayawezi kuziba pengo la lugha, wala pengo la somo la asubuhi ambalo halikufundishwa. Na kila zoezi lazima liwe na soko lake, yaani mahali ambapo mtoto atalitumia akaona kwamba jibu lina maana kwa mtu fulani.

Kwa wenzetu walimu wa Kiswahili tuna ombi moja. Tusiwaachie wa hisabati mzigo huu peke yao. Katika kipindi chetu cha insha, na tuwape watoto hesabu za maneno watunge wenyewe: za mitumbwi, za madumu ya mawese, za nauli ya basi la Rumonge. Mtoto awezaye kutunga swali la hesabu kwa sentensi safi ameelewa mambo mawili kwa wakati mmoja. Sisi tumeanza jambo hilo katika darasa la sita, Ijumaa kwa Ijumaa, na wenye kujaribu kwingineko watuandikie katika kurasa hizi yaliyowafikia, mema na yasiyo mema.